Ruhusa ya filamu si ruhusa ya trela

Kila mwaka inapofika Mei na Juni, wanafunzi wa filamu hapa Brussels huingia katika pirikapirika za kumaliza masomo. Katika vyuo kama INSAS, kilichoanzishwa mwaka 1962, RITCS na LUCA, walimu hukaa kutazama kazi za vijana. Kabla ya kazi hizo kuonekana ukumbini, vipande vifupi vya kuzitangaza huwa vimekwisha kuzagaa katika simu za watu. Miongoni mwa vijana hao sasa wamo watoto wetu: waliozaliwa hapa, waliokuja wakiwa wamebebwa mgongoni, na waliofika wenyewe na karatasi za ukimbizi mkononi. Ni jambo la kujivunia. Lakini leo tunataka kulitazama kwa upande ambao hauzungumzwi, nao ni usalama wa watu wanaoonekana ndani ya vipande hivyo.

Tuanze na pongezi, kwa kuwa zinastahili. Njia hii ina waliotangulia. Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, alisomea filamu hapa Ubelgiji, na filamu yake "Pièces d'identités" ya mwaka 1998, ambayo hadithi yake inamleta mfalme mzee wa Kikongo Brussels kumtafuta binti yake, ilitwaa tuzo kuu ya tamasha la Ouagadougou mwaka 1999. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, alifika Cannes mwaka 2023 na filamu yake "Augure", na ndani yake Kiswahili kinasikika pamoja na Kifaransa na Kilingala. Kijana wa Kivu au Katanga anayeshika kamera leo hana sababu ya kudhani kwamba yeye ni wa kwanza.

Na vifaa vimekuwa rahisi kiasi ambacho wazee wetu wasingeamini. Mashine za DaVinci za kurekebisha rangi za filamu zilikuwa zikiuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, na waliozimiliki walikuwa wachache. Kampuni ya Blackmagic Design iliinunua DaVinci mwaka 2009, na baadaye ikatoa toleo la bure la programu yake, ambalo leo mwanafunzi analipakua na kulitumia kwenye kompyuta yake ya mkononi. Simu inapiga picha zinazofaa kuonyeshwa katika ukumbi wa sinema. Programu za simu zinakata, zinaunganisha, zinaweka muziki na kuandika maneno chini ya picha. Kazi iliyohitaji watu kumi na wiki mbili, binti mmoja anaifanya usiku mmoja akiwa kitandani.

Nguvu ya trela tumeiona pia nyumbani Afrika Mashariki. Isaac Nabwana wa Wakaliga, kitongoji cha Kampala, alitengeneza filamu ya "Who Killed Captain Alex?" kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, akiihariri kwenye kompyuta alizoziunga mwenyewe. Trela yake ilipowekwa YouTube mwaka 2010 ilitazamwa na watu wa dunia nzima, na mwaka uliofuata Mmarekani mmoja akapanda ndege kutoka New York kwenda kumtafuta aliyeitengeneza. Dakika chache za trela zilimfungulia fundi huyo mlango ambao hakuna wizara iliyowahi kumfungulia. Kwa hiyo anayesema trela ni mchezo wa watoto hajui anachokisema.

Watu wetu wengi walilijua tela la lori kabla ya kuijua trela ya filamu, na maneno haya mawili yana asili moja. Trela za kwanza huko Marekani ziliitwa hivyo kwa kuwa zilikuja nyuma, baada ya filamu kwisha, kama tela linavyofuata kichwa cha lori. Siku hizi mambo yamegeuka. Trela inatangulia, tena inakwenda mbali kuliko filamu yenyewe. Filamu ya mwanafunzi huonwa na walimu wake, wenzake na jamaa wachache. Trela yake inaonwa na yeyote mwenye simu, kuanzia Brussels mpaka Uvira. Ni tela lililokatika mnyororo likateremka mlima peke yake, na mlimani hapo kuna watu wanapita.

Tunayasema haya kwa sababu ya tukio lililotokea Koekelberg, si zamani sana. Wasomaji wasioijua Koekelberg waelewe kuwa ni mojawapo ya manispaa ndogo zaidi za Brussels, yenye eneo la zaidi kidogo ya kilomita moja ya mraba, na kila mtu hapa anaitambua kwa jengo moja tu, nalo ni Basilika. Jiwe lake la msingi liliwekwa na mfalme Leopold wa Pili mwaka 1905, mfalme yule yule ambaye Wakongo hawahitaji kuelezwa habari zake, na ujenzi ulimalizika mwaka 1970. Kuba lake la kijani linaonekana kutoka mbali. Tunaomba msomaji alikumbuke kuba hilo, kwa sababu linaingia katika mkasa wenyewe.

Binti mmoja mwanafunzi wa filamu aliamua kutengeneza filamu fupi juu ya shangazi yake, aliyekuwa akiishi Koekelberg. Shangazi ni mama wa makamo, alitoka kijiji kimoja cha mashariki mwa Kongo baada ya usiku ambao watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake. Binti alikaa naye siku nyingi, akamrekodi akichambua maharage huku akizungumza. Alizungumza juu ya soko, juu ya harusi yake, juu ya mashamba, na hatimaye juu ya usiku ule. Sharti lake lilikuwa moja: uso wangu usionekane na sauti yangu isisikike. Binti alikubali. Katika filamu, mtazamaji angeona mikono tu na maharage, na maneno yangesomwa na mama mwingine. Ulikuwa mpango mzuri na wa heshima.

Kabla filamu haijakamilika, chuo chake, ambacho hatukitaji, kikataka trela kwa haraka kwa ajili ya kutangaza maonyesho ya mwisho wa mwaka. Binti akaikata usiku mmoja, sekunde 90. Ikatoka siku ya Ijumaa. Kufikia Jumapili ilikuwa katika makundi ya WhatsApp ya watu wa kijiji chao walioko Ulaya, na kutoka hapo ikarudi nyumbani. Wiki iliyofuata wanaume wawili walifika kwa mdogo wake shangazi, yaani baba mdogo wa binti huyo, ambaye hakuwahi kutoka kijijini. Hawakumpiga wala hawakumtukana. Walimsalimia, wakakaa, wakauliza: "Dada yako hajambo huko Ulaya?" Baba mdogo hakusubiri swali la pili. Usiku ule ule alimchukua mkewe na watoto wakaondoka, na watoto wakaacha shule.

Shangazi mwenyewe ametupa ruhusa ya kulieleza hili. Tulimsomea maneno haya kwa simu kabla ya kuyachapisha, akatuomba tuondoe sentensi mbili, tukaziondoa. Koekelberg ameturuhusu kuitaja kwa kuwa amekwisha kuhama. Kijiji hatukitaji, na mambo mengine madogo tumeyaacha makusudi.

Hatusemi haya kumshitaki binti. Aliifuta trela saa ile ile aliyopigiwa simu, ingawa nakala zilikuwa zimekwisha kutapakaa. Tunataka kueleza jinsi kosa lilivyoingia, kwa sababu halikuingia kwa ubaya wa moyo. Liliingia kupitia utaratibu wa kazi wenyewe, na utaratibu huo huo unafuatwa na wanafunzi wengine wengi leo.

La kwanza ni mpangilio wa kazi. Kuficha uso na kubadilisha sauti ni kazi ya mwisho, inayofanywa baada ya filamu kukatwa na kukubaliwa. Trela hukatwa mapema, kutoka katika picha mbichi. Kwa hiyo kile ambacho filamu imekificha, trela inakionyesha. Katika trela ile uso wa shangazi ulionekana kwa upande kwa sekunde tatu tu, akigeuka kuchukua ungo. Sauti ilikuwa yake halisi, kwa sababu yule mama wa kusoma maneno hakuwa amerekodiwa bado.

La pili ni uchaguzi wa maneno. Trela hutafuta sentensi ya kumshika mtu koo. Katika mazungumzo ya saa nyingi, shangazi alisema juu ya mmoja wa wale watu: "Ninamjua. Alikula kwenye sahani yangu." Katika filamu, maneno hayo yanafuatiwa na maelezo marefu kwamba yule alikuwa kijana wa jirani, kwamba alimlea kama mwanawe, na kwamba akikutana naye leo atamwuliza nini kilimpata. Katika trela maneno yalikatwa hapo kwenye sahani, ngoma ikalia, giza likaingia. Maombolezo ya mama yakageuka shutuma, na shutuma isiyo na jina inaweza kumtia hofu kila mwenye hatia kijijini.

La tatu ni mandhari. Nyuma ya shangazi kulikuwa na dirisha, na katika dirisha kulikuwa na kuba la kijani la Basilika. Mtu anayeifahamu Brussels angeweza kukadiria mtaa, na akipata muda, hata ghorofa. La nne ni maandishi. Binti aliandika jina la kijiji chini ya picha ili mtazamaji wa hapa aelewe habari zinatoka wapi. Mtazamaji wa hapa hakijui kijiji hicho na hatakijua. Aliyesaidiwa na maandishi yale ni yule ambaye hakupaswa kusaidiwa.

La tano ni dogo lakini tumeliona mara nyingi. Mtu akipandisha video mtandaoni, mtandao wenyewe humpendekezea picha ya kuweka mbele kama jalada, ikichukuliwa popote ndani ya video. Asipoangalia, uso uliopita kwa sekunde tatu unakuwa ndio bango la kazi nzima. Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja yetu. Shangazi alikubali filamu. Katika akili yake, filamu ni kitu kinachoonyeshwa ukumbini, watu wakakaa, taa zikazimwa, mwanzo mpaka mwisho, kisha watu wakarudi makwao. Trela hakuulizwa. Hakuna aliyemwambia kuwa kutakuwa na kitu kifupi, kitakachotangulia, kitakachochagua maneno yake makali kuliko yote na kuyapeleka kwa watu asiowajua. Ruhusa aliyoitoa ilikuwa ya kitu kimoja, ikatumika kwa kitu kingine.

Na hata hiyo ruhusa ya kwanza tuitazame vizuri. Fomu ya chuo ilikuwa ya Kifaransa cha kisheria, kurasa mbili. Shangazi alitia sahihi kwa kuwa aliyemletea ni mwanawe. Kwetu, mtoto wa kaka hakataliwi, hasa akiwa anasoma, hasa akisema kuwa bila sahihi hiyo hatafaulu. Sahihi ilipatikana, lakini hatuna hakika kwamba ridhaa ilipatikana. Wanafunzi wa kigeni wanaokwenda kumrekodi mtu wasiyemjua hufundishwa kuwa waangalifu. Watoto wetu wanarekodi mama zao, shangazi zao na babu zao, na kwa sababu hao ni watu wao wanadhani uangalifu hauhitajiki. Ukweli ni kinyume chake. Ndugu ndiye mtu ambaye ni vigumu kuliko wote kumwambia hapana.

Sheria ya Ubelgiji haiko kimya katika hili. Mwenye kupiga picha ya mtu hana haki ya kuitoa hadharani bila ridhaa ya aliyepigwa, na akifariki, ridhaa hiyo iko kwa warithi wake kwa miaka 20. Kanuni za Ulaya za kulinda taarifa binafsi, zilizoanza kutumika Mei 25, 2018, zinasema kuwa pale taarifa zinapotumika kwa ridhaa ya mtu, kuiondoa ridhaa hiyo kuwe rahisi kama kulivyokuwa kuitoa, ingawa kazi za uandishi wa habari na sanaa zimeachiwa nafasi yake. Nyumbani nako Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 na Tanzania ina yake ya mwaka 2022. Lakini tuambiane ukweli. Hakuna hakimu wa Brussels atakayefika kijijini kumlinda baba mdogo. Sheria inaweza kukuamuru ufute video, na haina uwezo wa kufuta kile ambacho wale wanaume wawili wamekwisha kukiona.

Ndiyo maana tunasema ulinzi wa kwanza uko katika mikono ya anayehariri. Na hapa kuna habari njema: zana zile zile zilizoleta balaa ndizo zinazoweza kulizuia, tena nyingi ni za bure. YouTube iliweka uwezo wa kufunika nyuso tangu mwaka 2012. Signal iliongeza kifaa cha kufunika nyuso katika picha mwaka 2020. Shirika la WITNESS la New York limekuwa likifundisha kwa miaka mingi namna ya kurekodi mashahidi bila kuwaweka hatarini. Programu za kuhariri anazotumia mwanafunzi zina uwezo wa kufuata uso unaotembea na kuufunika mpaka mwisho wa picha.

Lakini kifaa kitumiwe kwa akili. Mwaka 2007 polisi wa Ujerumani waliweza kuirudisha katika hali yake sura ya mhalifu aliyekuwa ameisokotasokota kwa kompyuta katika picha zake, Interpol ikaitangaza, akakamatwa. Yule alistahili kukamatwa, na hatumwonei huruma. Fundisho ni kwamba kilichosokotwa kinaweza kusokotolewa. Kadhalika sauti: kuifanya nene au nyembamba hakutoshi, kwa sababu anayejua anaweza kuirudisha ilivyokuwa, na ndugu na jirani huitambua lahaja na namna ya kuvuta pumzi hata ikiwa nene. Njia salama ni mtu mwingine kuyasoma maneno, na mtazamaji aambiwe hivyo. Ikitumika sauti iliyotengenezwa na mashine, mtazamaji aambiwe pia, ili asije mtu kesho akasema kuwa na ushahidi wenyewe ulitengenezwa na mashine. Aidha, faili la video lililopigwa kwa simu linaweza kubeba ndani yake mahali lilipopigwa. Mitandao mingi huondoa habari hizo, lakini faili likitumwa zima zima kama waraka, zinakwenda nazo.

Zipo kazi kubwa zinazoonyesha kuwa kumficha mtu hakuui filamu. Jonas Poher Rasmussen wa Denmark alipoeleza safari ya rafiki yake mkimbizi kutoka Afghanistan katika "Flee" ya mwaka 2021, alimpa jina la Amin na kumgeuza mchoro, na tangazo la filamu likaja kwa michoro hiyo hiyo. Mwaka 2022 filamu hiyo iligombea tuzo tatu za Oscar. Katika "Welcome to Chechnya" ya mwaka 2020, David France aliwafuata watu waliokuwa wakiwindwa kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja, na kila aliyekuwa hatarini akavishwa kwa kompyuta uso wa mtu mwingine aliyejitolea. Mmoja wao alipoamua kujitokeza hadharani kwa jina lake, uso wa bandia ukayeyuka mbele ya watazamaji na wake halisi ukaonekana. Alichagua mwenyewe, na alichagua siku.

Na tusidhani kuwa hatari ya neno moja la mtandaoni ni ya watu wa vita tu. Filamu ya "The Letter" ya Maia Lekow na Christopher King, ya mwaka 2019, inaanzia pwani ya Kenya kwa kijana aliyepata habari kuwa bibi yake ameitwa mchawi kwenye Facebook. Katika vijiji ambako wazee huitwa wachawi ili mashamba yao yachukuliwe, ujumbe kama huo unaweza kugharimu uhai. Ikiwa neno moja lina uzito huo, sekunde 90 zenye uso, sauti na jina la kijiji zina uzito gani?

Tunajua zipo hoja za upande wa pili, na tunaziheshimu. Yupo atakayesema: mkiwaficha mashahidi wote, wauaji wameshinda, kwa kuwa wao wanatembea wazi na walioumizwa wanakuwa vivuli. Hoja hiyo ina nguvu. Dieudo Hamadi wa Kisangani, katika "En route pour le milliard" ya mwaka 2020, aliwafuata majeruhi wa vita vya siku sita vya Kisangani vya Juni 2000, kati ya majeshi ya Uganda na Rwanda, wakishuka mto Kongo kwenda Kinshasa kudai fidia. Nyuso zao ziko wazi, na miili yao iliyokatwa viungo iko wazi, kwa sababu kuonekana ndilo lilikuwa dai lao lenyewe. Kuwaficha kungekuwa kuwatukana. Hatusemi basi kuwa kila uso ufunikwe. Tunasema mwenye uso ndiye aamue, na aamue akiwa anajua kitu gani kitatoka, lini, na kitafika wapi.

Yupo mwingine atakayesema: mnawatisha vijana, mtawafanya waache hadithi za nyumbani na kutengeneza filamu za paka. Hatutaki hivyo. Tunaandika tukiwa mbali na makwetu, na tunajua kuwa tukinyamaza wote, historia itaandikwa na wenye bunduki. Lakini tunajua pia kitu ambacho kila mwandishi aliyeko uhamishoni anakijua: sisi tuko salama, na gharama ya maneno yetu wakati mwingine inalipwa na aliyebaki. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, familia nyingi hapa Brussels zilifuta picha na ujumbe katika simu zao usiku kucha, na kuwapigia ndugu wafute vya kwao. Walijua simu inaweza kushikwa na nani. Ujasiri wa kutumia usalama wa mtu mwingine bila kumwuliza hatuuiti ujasiri.

Kwa hiyo tunatoa wito ufuatao.

Kwa wanafunzi: iombeni ruhusa ya trela peke yake. Usiombe kwa karatasi kwanza. Kaa na shangazi au mama, mwonyeshe trela nzima kwenye simu kabla haijatoka, na umwonyeshe kwenye simu kwa sababu huko ndiko itakakoonekana. Mwambie kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kwenu, kwamba hii itakwenda kila mahali na haitarudi. Kisha mwulize maswali matatu: nani akiiona utaogopa, nani nyumbani anaweza kuulizwa kwa ajili yako, na kuna kitu gani humu unataka kitoke? Mwache alale nalo. Akikataa asubuhi, amekataa. Na kanuni ya kazi iwe hii: kilichofichwa katika filamu kifichwe kwanza, ndipo trela ikatwe, hata ikibidi kuchelewa. Kama hakuna muda, tengenezeni trela ya mikono, maharage na ukimya. Mara nyingi itakuwa bora kuliko ile ya ngoma na giza.

Kwa vyuo: msidai trela ya filamu inayomhusu shahidi kwa tarehe isiyompa mwanafunzi nafasi ya kufanya hayo. Fomu zenu ziwe na sehemu ya trela, sehemu ya picha ya jalada na sehemu ya mitandao, kila moja na sahihi yake, na zitafsiriwe katika lugha anayoijua anayezitia sahihi. Mji huu una wakalimani wa Kiswahili, na saa moja ya mkalimani ni nafuu kuliko madhara tuliyoyaeleza.

Kwa wazazi na wazee wetu: kukataa si kumnyima mtoto maendeleo. Unaweza kusema ndiyo kwa filamu na hapana kwa trela. Unaweza kusema ndiyo leo na kubadili kesho. Mtoto anayependa kazi yake ataelewa, na kama haelewi, wakati wa kumfundisha ni huo.

Na kwa sisi wengine wote, wasomaji wetu wa hapa na wa nyumbani: trela ile haikufika kijijini kwa miguu yake. Iliwekwa mtandaoni mara moja tu, na binti mmoja. Waliobaki ni watu wazima kama sisi, waliomwona mama wanayemfahamu, wakafurahi au wakashangaa, wakabonyeza na kuituma mbele. Hakuna hata mmoja aliyempigia simu kumwuliza. Ukimwona jirani yako wa zamani katika kipande cha filamu akisema mambo mazito, mpigie yeye kwanza, kabla hujaituma kwa wengine.

Filamu ya binti yule ilikamilika hatimaye, na shangazi akaitazama yote. Kwa ombi lake, haina trela.